Jagadish Bose, fundi wa mawimbi mafupi

Ukitoka Malindi mjini ukashika njia ya kaskazini, kisha ukapinda upande wa bahari kuelekea Ngomeni, utayaona masahani makubwa meupe yameelekezwa mbinguni. Hicho ndicho kituo cha anga cha Wataliani, ambacho siku hizi kimepewa jina la Luigi Broglio, mhandisi aliyekiasisi. Mbele yake, ndani ya maji, yamesimama majukwaa ya chuma ambako ilirushwa setilaiti ya San Marco 2 tarehe 26 Aprili 1967, na baadaye, tarehe 12 Disemba 1970, ile iliyoitwa Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake. Wako wavuvi wa Ngomeni waliozaliwa na kukua wakiyaona mambo hayo. Eriali, basi, si kitu kigeni pwani hii.

Wala jina la Marconi si geni. Katika mji uliojaa Wataliani kama huu wetu, ukiuliza ni nani aliyeleta mawasiliano yasiyo na waya, utajibiwa upesi kuwa ni Mtaliani mwenziwao. Nami nilikuwa nikijibu hivyo hivyo, mpaka siku moja alipokuja fundi kijana kukwea mlingoti wa simu ulio karibu na mtaa ninaokaa. Alipoteremka jasho likimtiririka, alikuja kupumzika barazani kwangu, akanieleza vile vitu vilivyotundikwa kule juu. Yale makasha marefu ndiyo yanayosema na simu zetu za mkononi. Zile sahani za mviringo, zilizofunikwa kama ngoma, husema na mlingoti wa pili ulio mbali, na baadhi yake hutumia mawimbi ya redio yenye urefu wa milimita chache tu. Akanambia kuwa katika miji mikubwa ya ng'ambo yako makasha yasiyozidi ukubwa wa kitabu ambayo ndani yake mna mamia ya eriali ndogo ndogo zilizopangwa safu kwa safu, zote zikifanya kazi kwa mawimbi hayo ya milimita. Nikamwuliza ni nani aliyeanza kucheza na mawimbi mafupi namna hiyo. Akafikiri kidogo, akasema labda ni Marconi.

Siye. Ni mwalimu mmoja wa Kihindi katika mji wa Calcutta, jina lake Jagadish Chandra Bose, na kazi hiyo aliifanya kabla ya mwaka wa 1900.

Bose alizaliwa tarehe 30 Novemba 1858 huko Mymensingh, katika nchi ya Bengal, upande ambao leo ni Bangladesh. Baba yake, Bhagawan Chandra Bose, alikuwa hakimu chini ya serikali ya Waingereza. Zama zile mtu wa cheo kama chake alikuwa akimpeleka mwanawe skuli ya Kiingereza asubuhi na mapema, ili apate kuvaa viatu na kusema kwa pua. Huyu hakufanya hivyo. Alimpeleka kijana wake katika skuli ya kienyeji inayosomesha kwa Kibengali, kwa kuwa aliona si haki mtoto kujua lugha ya watu kabla ya kuijua yake. Huko Jagadish alikaa baina ya mtoto wa mtumishi Mwislamu wa baba yake upande mmoja, na mtoto wa mvuvi upande wa pili. Hadithi za ndege, samaki na viumbe vya majini alizozisikia kwa mtoto wa mvuvi, Bose alizikumbuka mpaka uzeeni, na mwenyewe alisema kuwa ndizo zilizomtia hamu ya kuchungua maumbile. Sisi tuliokaa mkekani chuoni na watoto wa kila namna, twaijua ladha ya jambo hilo.

Kuna kisa kingine cha hakimu huyo nisichoweza kukipita. Alimfunga jambazi mmoja, na jambazi alipomaliza kifungo akarudi kwa hakimu kulalamika kuwa hana pa kupata riziki. Hakimu akamwajiri nyumbani kwake, na kazi aliyompa ilikuwa ni kumpeleka mwanawe skuli kila siku. Njia nzima mtoto akihadithiwa visa vya vita na mapigano na mtu aliyekuwa na makovu ya kuyathibitisha.

Baadaye Jagadish alipelekwa Calcutta, katika skuli na chuo cha mapadri cha Mtakatifu Xavier, ambako padri Eugène Lafont alimfungua macho kwa majaribio ya fizikia. Mwaka wa 1880 akavuka bahari kwenda London kusomea udaktari. Lakini homa aliyokuwa nayo tangu nyumbani ilimwandama, na harufu za chumba cha kupasulia maiti zikaizidisha, hata ikabidi auwache udaktari. Akahamia Cambridge, katika chuo cha Christ, akasoma elimu ya maumbile. Mmoja katika walimu wake alikuwa Lord Rayleigh, bingwa mkubwa wa elimu ya mawimbi. Mwaka wa 1884 akatoka na shahada ya Cambridge na nyingine ya London, na mwaka uliofuata akarejea kwao.

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Aliteuliwa kuwa mwalimu wa fizikia katika chuo cha Presidency, Calcutta, lakini wakubwa wa elimu hawakuamini kuwa Mhindi aweza kusomesha elimu kama hiyo. Kanuni ya wakati ule ilikuwa kwamba mwalimu wa Kihindi apate theluthi mbili za mshahara wa Mzungu mwenye kazi ile ile, na kwa kuwa Bose aliandikwa kwa muda, alikatiwa tena nusu, hata akabakiwa na theluthi moja. Bose hakuandika barua za matusi, wala hakuacha kazi. Alifanya jambo la ajabu zaidi: akasomesha kila siku, vipindi vyote, na kila mwisho wa mwezi asiupokee mshahara. Akaendelea hivyo kwa muda wa miaka mitatu. Na hakuwa mtu wa mali; baba yake alikuwa amezama katika madeni kwa ajili ya miradi aliyoianzisha kuwasaidia wananchi ikaanguka. Tena katikati ya mgomo huo, mwaka wa 1887, Bose alimwoa Abala, msichana aliyekuwa amesomea udaktari Madras, naye akaivumilia njaa ile pamoja naye. Mwisho wake serikali ilisalimu amri. Alipewa cheo kamili, akalipwa mshahara wote wa nyuma, mzima mzima, na fedha zile zikaingia katika kulipa madeni ya baba.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu atakayeyajua hatashangaa na yaliyotokea baadaye.

Sasa tuingie katika mawimbi. Wimbi la redio lina kilele na bonde kama wimbi la baharini, na urefu wake hupimwa kutoka kilele hadi kilele. Mawimbi ya zile stesheni za zamani tulizokuwa tukizisikiliza usiku yana urefu wa mamia ya mita. Yale ya simu zetu za kawaida ni sentimita kadhaa au makumi ya sentimita. Mjerumani Heinrich Hertz, aliyekuwa wa kwanza kuyathibitisha mawimbi haya baina ya miaka ya 1886 na 1888, alitumia ya sentimita zipatazo 66 na mengine ya mita kadhaa. Hertz alitaka kuonyesha kuwa mawimbi hayo ni ndugu wa mwangaza: hurudi yakipiga kioo cha chuma, na hupinda yakipita katika mche wa lami. Lakini kwa kuwa mawimbi yenyewe yalikuwa marefu, mche wa lami aliohitaji ulikuwa na uzito wa zaidi ya nusu tani. Hertz akafariki mwanzo wa mwaka wa 1894, bado kijana wa miaka 36.

Bose alisoma habari za kazi hiyo na ya Mwingereza Oliver Lodge. Siku alipotimiza miaka 36 na yeye, tarehe 30 Novemba 1894, aliweka nia ya kuwa mtafiti. Chuo hakikuwa na maabara ya kumpa. Akajipatia kichumba kidogo kilichopakana na bafu, akamwita mfua bati asiyejua kusoma, akamfunza, na kwa fedha zake mwenyewe wakaanza kuunda vyombo. Fikra yake ilikuwa nyepesi: badala ya kuvifanya vyombo kuwa vikubwa ili vilingane na mawimbi, yafanywe mawimbi kuwa mafupi ili yalingane na vyombo vinavyokaa juu ya meza. Kwa cheche za umeme baina ya vitufe vidogo vya madini, alipata mawimbi ya sentimita mbili na nusu, kisha mafupi zaidi, mpaka akafika milimita 5. Hicho ni kipimo cha punje ya choroko. Leo mawimbi hayo twayaita ya gigahezi 60, yaani mitikisiko bilioni 60 kwa sekunde moja.

Msomaji, hapa ndipo panaponipendeza mimi kuliko pote. Tazama vitu alivyotumia bwana huyu. Lenzi za kuyakusanya mawimbi alizitengeneza kwa salfa, ile ya baruti. Ili kuyachuja mawimbi yanayotikisika upande mmoja na kuyazuia ya upande wa pili, alichukua kitabu cha ratiba ya treni za Uingereza, akatia karatasi za bati baina ya kurasa. Alipotaka kuonyesha jinsi vitu kama sukari vinavyoweza kuusokota mwangaza, alisokota nyuzi za juti, hiyo juti ya magunia inayolimwa Bengal, mafungu mengine kwa kulia na mengine kwa kushoto, akayapitisha mawimbi katikati, nayo yakazungushwa upande aliousokota. Kwa kupokelea, alitumia kwanza visukusuku vya waya wa chuma vilivyobanwa pamoja, na baadaye akagundua kuwa kipande cha galena, lile jiwe la risasi, kikiguswa na ncha ya chuma huyahisi mawimbi vizuri zaidi.

Mawimbi aliyapitisha ndani ya bomba la chuma, na kwenye mdomo wa bomba la kupokelea akatia kitu alichokiita faneli ya kukusanyia. Ni pembe ya bati ya pande nne, nyembamba nyuma na iliyopanuka mbele, mfano wa mdomo wa siwa, isipokuwa siwa hutoa sauti na hii huvuta ndani. Faida yake ni hii. Wimbi fupi lina eriali fupi, na eriali fupi huzoa kidogo, kama mtu anayekinga mvua kwa kikombe. Ukimwekea faneli juu ya kikombe, atakinga maji ya eneo kubwa na yote yataingia mle mle. Na ukiigeuza kazi, ukatumia pembe hiyo kupelekea, nguvu haitawanyiki kila upande bali hutoka mbele kwa mwale mmoja. Faneli hiyo aliionyesha London mwaka wa 1897. Mafundi wengine walikuja kuibuni tena miaka kama arubaini baadaye, wakidhani ni yao. Leo maabara nyingi za kupimia eriali zina pembe ya namna hiyo. Eriali nyingine nyingi hupimwa kwa kulinganishwa nayo.

Mwaka wa 1895, mbele ya umati katika ukumbi wa mji wa Calcutta, Bose alipeleka mawimbi yake kutoka chumba kimoja, yakapenya kuta na mwili wa mkuu wa serikali wa jimbo aliyekaa katikati, yakafika umbali wa futi 75, na huko yakaliza kengele na kulipua baruti. Watu walipigwa na bumbuazi. Na mwaka uliofuata mtu huyo huyo, ambaye mchana alikuwa akipima milimita, aliandika kwa Kibengali kisa cha kuchekesha kwa ajili ya mashindano ya kampuni moja ya mafuta ya nywele. Ndani yake tufani kubwa inakuja kuuangamiza mji, na abiria mmoja wa meli anaituliza kwa kumimina chupa ya mafuta ya nywele baharini! Wabengali wanakihesabu miongoni mwa hadithi zao za mwanzo za kubuni juu ya sayansi.

Sifa zake zilifika Ulaya. Chuo Kikuu cha London kilimpa shahada ya udaktari wa sayansi mwaka wa 1896, na tarehe 29 Januari 1897 alisimama kuhutubia katika Royal Institution, mahali walipokuwa wakisimama wakubwa wa sayansi wa dunia, na kisanduku chake cha vyombo juu ya meza. Lord Kelvin, mzee aliyekuwa kilema wa mguu, alifurahi hata akapanda ngazi kwenda kumpongeza Abala alikokuwa amekaa na wanawake wenziwe. Lakini liko gazeti moja la mafundi wa umeme lililostaajabia jambo jingine: kwamba Mhindi huyu hakuficha chochote. Kila skrubu aliieleza, kiasi cha kwamba yeyote angeweza kuvichukua vyombo hivyo akaenda kuvifanyia biashara.

Naam, biashara. Wakati ule ule Marconi, kijana wa miaka 22, alikuwa London akishughulika na mambo mawili: kurefusha umbali, na kujiandikia hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi. Mwezi Disemba 1901 alitangaza kuwa amepokea ishara iliyovuka bahari ya Atlantiki. Chombo alichopokelea kilikuwa na tone la zebaki, na chombo cha zebaki kisichohitaji kugongwagongwa kilikuwa kimeelezwa na Bose katika karatasi yake kwa Royal Society mwaka wa 1899. Mwaka wa 1998 mhandisi mmoja, Probir Bondyopadhyay, aliandika kuwa kile cha Marconi kimetokana na cha Bose. Wako wanaokubali na wako wanaobisha, nami sikuwa huko. Lisilobishiwa ni kuwa Bose alikuwa ameyaweka yake hadharani, na Marconi yake aliyatia kufuli.

Mwaka huo huo wa 1901, mwenye kampuni moja kubwa ya simu za upepo alimwendea Bose London na fomu ya hataza mkononi, akimwomba asiyaseme yote katika hotuba yake, na wagawane faida. Bose alikataa, na akamwandikia rafiki yake Rabindranath Tagore, yule mshairi, akieleza namna alivyochukizwa na tamaa ile ya fedha. Ilibidi wanawake wawili, Nivedita wa Ireland na Sara Bull wa Marekani, wamshikilie mpaka akubali kuandikiwa hataza moja tu, ya kile chombo cha galena. Iliombwa Marekani mwaka wa 1901 ikatolewa tarehe 29 Machi 1904. Bose mwenyewe hakuishughulikia, ikamalizika muda wake bila kumpa chochote. Miaka hamsini baadaye, Walter Brattain, mmoja wa waliobuni transista, alipoandika pamoja na mwenzake tarikhi ya elimu hiyo, walimtaja Bose kuwa wa kwanza kutumia kristali kupokelea redio.

Je, alifanya sawa? Nimeliwaza sana swali hili. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa harusini nikausikia utungo wangu ukiimbwa kwa jina la mtu mwingine, na sitadanganya kuwa nilifurahi. Bose aliona kuwa elimu si bidhaa, na kwa mtu aliyekataa mshahara wa miaka mitatu, kukataa faida ya kampuni hakukuwa kazi. Lakini naona alisahau kitu kimoja: asipoandika yeye, ataandika mwingine, na huyo mwingine hatakuwa na moyo wa ukarimu. Hapo simuungi mkono moja kwa moja.

Tena si hataza peke yake iliyomzamisha. Mawimbi yake yenyewe yalikuwa na ila. Biashara ya wakati ule ilitaka habari zivuke bahari, na wimbi la milimita halivuki bahari. Mawimbi marefu hufuata mviringo wa ardhi, na mengine hugonga tabaka za juu za anga yakarudi chini mbali. Yale mafupi huenda moja kwa moja kama mwangaza wa kurunzi, na nguvu waliyoweza kuyatilia siku zile ilikuwa ndogo. Mvua huyamaliza. Jani la mwembe huyazuia, na ukuta mnene wa mawe ya matumbawe kama wa nyumba zetu za kale huyakomesha kabisa. Kwa hayo ya milimita 5 hata hewa safi ni adui, maana oksijeni huyanywa: katika kila kilomita moja hubaki kama sehemu moja tu katika 30. Kwa hiyo dunia iliyafuata marefu, na vyombo vya Bose vikawekwa kabatini.

Vilikaa huko mpaka watu walipojazana. Simu zilipokuwa chache, mawimbi marefu yalitosha. Zilipokuwa mabilioni, na kila mmoja anataka picha na sinema mkononi mwake, njia zile zikabanana kama barabara ya Malindi na Mombasa siku ya kuamkia Idi. Mafundi wakatafuta mahali penye nafasi, wakaikuta kule kule Bose alikokuwa, katika mawimbi ya milimita. Mwaka wa 2019 kampuni za Marekani zilianza kuyauza katika mitaa ya Chicago na Minneapolis. Hapa Kenya mtandao wa kizazi cha tano ulianza kujaribiwa mwaka wa 2021, ingawa mawimbi yake makuu ni marefu kidogo, kama ya sentimita kumi hivi.

Na walipofika huko, waliikuta shida ile ile ya kikombe na mvua. Wameitatua kwa faneli nyingi badala ya moja, nazo si faneli tena bali ni vipande bapa vya shaba, vilivyopangwa kama vigae. Ili kuelewa vinavyofanya kazi, nenda Mida wakati maji yametulia. Tupa jiwe moja: viwimbi vitasambaa duara. Sasa wapange watoto kumi kwa mstari kwenye ukingo, kila mmoja na jiwe lake, wayaangushe kwa pamoja. Viwimbi vitaungana mbele yao na kuwa wimbi moja lililonyooka, lenye nguvu, na pembeni vitauana vyenyewe kwa vyenyewe, kilele cha huyu kikizama katika bonde la yule. Kisha waambie waangushe kwa kufuatana, wa kushoto kwanza na wa kulia mwisho. Wimbi litakwenda upande wa kulia, na hakuna mtoto aliyehama mahali pake. Ndivyo kasha lile linavyomfuata mtu na simu yake anapotembea. Halizunguki, ila kila eriali hucheleweshwa kidogo kuliko jirani yake, na mwale hugeuka. Jambo la kuzipanga eriali namna hiyo Mjerumani Ferdinand Braun alilionyesha kwa eriali tatu tangu mwaka wa 1905. Lakini kwa mawimbi ya mita 3, kama ya redio ya FM, eriali 256 zingetaka uwanja wa mita 24 kila upande. Kwa mawimbi ya sentimita moja, hizo hizo 256 hukaa katika nafasi ya kiganja cha mtu mzima, na nguvu ile ile iliyokuwa ikisambaa kwa eriali moja humfikia aliye mbele ya mwale mara 256 zaidi. Kazi ngumu ya wahandisi wa leo ni kuzilisha zote hizo: kila moja yataka kikuza-nguvu chake na kichelewesha chake, na zikibanana hivyo hupata joto jingi.

Bose hakuyaona hayo. Kuanzia mwaka wa 1900 alikuwa amegeukia mimea, baada ya kuona kwamba vyombo vyake vya chuma huchoka vikitumiwa sana na hupona vikipumzishwa, kama msuli wa kiumbe. Alitengeneza mashine ya kukuza mwendo wa mmea mara 10,000, akaonyesha jinsi kifaurongo kinavyoshituka kikiguswa. Wanafiziolojia wa London walimpinga vikali, na baadhi ya aliyoyadai hayajakubaliwa hata leo. Hilo ni somo la siku nyingine. Alipewa cheo cha Sir mwaka wa 1917, na Royal Society ikamchagua kuwa mwanachama wake mwaka wa 1920.

Siku aliyotimiza miaka 59, tarehe 30 Novemba 1917, alifungua taasisi yake ya utafiti mjini Calcutta, na katika kuifungua akatangaza kuwa yatakayogunduliwa humo yatakuwa ya watu wote, wala hayatachukuliwa hataza. Alikuwa hajabadilika hata chembe. Alifariki Giridih tarehe 23 Novemba 1937, ikiwa imebaki wiki moja atimize miaka 79. Abala alibaki akishughulikia skuli za wasichana na elimu ya wajane mpaka alipofariki mwaka wa 1951.

Mwaka wa 2012 chama cha wahandisi wa umeme wa dunia kiliweka Calcutta, ambayo sasa ni Kolkata, kibao cha kumbukumbu ya majaribio yale ya mawimbi ya milimita. Vyombo vyenyewe vingali katika taasisi yake: pembe ya bati ya pande nne, mafungu ya juti iliyosokotwa, na kitabu cha ratiba ya treni chenye karatasi za bati baina ya kurasa.